Wakunja Utepe

Nyuma yangu mashindano yanafutwa.
Vijana wawili wenye makoti ya njano wanakunja utepe mwekundu
kutoka msonobari hadi msonobari,
wanang'oa vijiti, wanatia guniani,
na pale nilipopita dakika tatu tu zilizopita
pamekwisha kuwa msitu.

Bogna, nambari 2214, wa mwisho.
Sisemi hivi kwa kujidhalilisha: niligeuka, nikahesabu.
Miaka hamsini na mmoja, magoti ya posta,
nyumba mia mbili kwa siku katika bonde letu la Beskidi,
na hakuna mbwa asiyeijua harufu ya begi langu.
Nilidhani mwenda ni mwenda.

Kilomita ya nne ilinivua dhana hiyo.
Tope la huku halina haya,
linakukamata kifundo kama mdai,
ukilipa mguu huu linadai ule,
pwata, pwata,
na kiatu kikichomoka
kinatoa mlio wa busu lisilotakiwa.

Nimetambaa chini ya seng'enge, pua kwenye samadi ya kondoo.
Nimebeba gunia la mchanga nikapanda nalo,
nikashuka nalo,
nikaliweka palepale nilipolitwaa.
Aliyeibuni kazi hii ni nani?
Hata posta, pamoja na mabaya yake yote,
mzigo hufika kwa mtu.

Kwenye bwawa, chubwi,
pumzi ikaniruka, ikakaa ukingoni,
ikanitazama nikiitafuta.
Aprili, na theluji bado imejificha vivulini
kama mtu anayedaiwa kodi.

Mkuki nao ulipita kando ya shabaha, ukalala majanini.
Adhabu: kulala, kuinuka, kuruka, mara thelathini.
Kijana wa utepe, Gniewko, akanihesabia,
kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa,
ishirini na nne.
Nikamwambia, nimesikia.
Nikaanzia ishirini.
Mwenzake Jagna alicheka, kisha akaacha.

Halafu ukuta.
Mbao tupu, mita mbili na nusu,
zimejaa nyayo za matope za waliobebana mabegani
saa mbili kabla yangu, wakaenda zao.
Nikaruka. Vidole vikagusa ukingo, vikateleza.
Nikaruka tena.
Mara ya sita kucha moja ilibaki pale juu,
ikatangulia kumaliza.
Kinyozi hajinyoi, najua.
Aliye juu mngoje chini, najua hilo pia,
ila juu hapakuwa na mtu wa kumngoja.

Kanuni iko wazi, ilisomwa asubuhi kwa kipaza sauti:
mkunja utepe asimguse mshindani.

Jagna akainua uso kuangalia mawingu,
akayaangalia kwa bidii kubwa.
Gniewko akaja mpaka chini ya ukuta,
akapiga magoti, akainamisha mgongo.
"Kamba ya kiatu," akasema,
bila kumwambia mtu yeyote.

Alivaa buti za mpira.
Buti za mpira hazina kamba.

Safari hii sikusema kwamba nimesikia.
Niliweka mguu.
Mgongo ukatikisika kidogo, ukakaza, ukasimama,
nami nikawa juu, tumbo juu ya mbao,
natazama upande wa pili:
moshi wa jikoni, magari yanaondoka uwanjani,
na lango la hewa lililoandikwa MWISHO
likitolewa upepo, likiinama taratibu
kama ng'ombe anayejiandaa kulala.

Saa ilikuwa imezimwa. Mama mmoja mwenye mkate mdomoni
alinipa medali kutoka kwenye boksi, akaniuliza kama kuna wengine.
Hakuna, nikasema. Wawili tu, na gunia.

Wakatokea msituni, utepe wote umo mle ndani,
mlima umerudi kuwa mlima.
Jumatatu vidole vyangu vitashindwa kufungua masanduku ya barua
na watu watapokea magazeti yao mlangoni, mkononi.
Muda wangu hawakuuandika popote.

Lakini mgongoni mwa lile koti la njano, katikati ya mabega,
kuna alama ya soli, saizi thelathini na tisa,
na tope lake halijakauka.